Yai Lisilo na Mama: Ufugaji wa Dinosaria Katika Jurassic World Evolution

Kwenye riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990, Jurassic Park, kuna sehemu ambayo kwangu inatisha kuliko meno yote ya T. rex, na haina hata tone la damu. Ni sehemu ya hesabu. Kompyuta ya bustani imepewa kazi ya kuhesabu wanyama, na kila ikihesabu inaleta 238, idadi ileile ambayo wenye bustani wanaitarajia. Watu wametulia. Halafu linaulizwa swali dogo tu: vipi tukiiambia itafute zaidi ya hao? Inatafuta, inaleta 292. Kumbe siku zote ikishafika 238 ilikuwa inaridhika na kuacha. Wanyama walikuwa wanazaana huko porini, na mashine ilikuwa inawaambia wakubwa kile walichotaka kusikia.

Wanyama hao, tuliambiwa, walikuwa majike watupu. Waliumbwa hivyo makusudi ili wasizaane, kila mmoja atoke maabara na ajulikane alipotoka. Lakini mapengo ya vinasaba vyao yalizibwa kwa vinasaba vya chura, na wapo vyura wanaoweza kubadili jinsia. Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993 iliacha mambo mengi ya kitabu, ila hili ililibeba: maganda ya mayai chini ya mti, na mzee mzima wa sayansi anayatazama kama mtu aliyeona mzimu. Kwa hiyo tangu mwanzo, kwenye hadithi hii, dinosaria kuzaa ni habari mbaya. Ndiyo alama kwamba mwenye mali hana tena mali.

Sasa chukua hadithi hiyo, mpe mchezaji, umwambie: wewe ndiye mwenye bustani. Hapo ndipo lilipo gemu la Jurassic World Evolution, kazi ya kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. La kwanza lilitoka mwaka 2018, la pili 2021, la tatu Oktoba 2025. Nimeyacheza yote matatu, na nadhani kitu cha maana zaidi kuyahusu si picha zake nzuri wala sauti ya Jeff Goldblum. Ni namna yanavyojibu swali moja: dinosaria anatoka wapi?

Kwa ambaye hajawahi kuligusa, gemu linaenda hivi. Unapewa kisiwa na hela kidogo. Unajenga uzio, unavuta umeme, unaweka maduka na njia za wageni. Unatuma timu ikachimbe visukuku, mifupa iliyogeuka mawe, na wakati mwingine inarudi na kaharabu. Mifupa inapelekwa maabara, inatolewa DNA, na asilimia ya jenomu ya mnyama inaanza kupanda. Ikifika 50 unaweza kumtotolesha. Kadiri asilimia inavyopanda, ndivyo uwezekano wa yai kufaulu unavyokua. Kwenye gemu la kwanza unaweza pia kuchomekea vinasaba vya ziada ili mnyama awe mkali, aishi zaidi au abadilike rangi, lakini kila unachochomeka kinapunguza uwezekano wa kufaulu. Unabonyeza, unasubiri, mlango wa maabara unafunguka, mnyama anatoka. Mzima, mtu mzima kabisa. Hajawahi kuwa mdogo hata siku moja.

Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku ataelewa haraka tofauti ninayotaka kuionyesha. Kuna kuku wa kienyeji, anayetaga, anaatamia, anakuwa mkali kama askari, halafu siku moja anatoka kichakani na vifaranga tisa ambavyo hukuvihesabia. Na kuna kuku wa kisasa, ambaye yai lake linaingia mashine ya kutotolesha, kifaranga kinatoka ndani ya boksi pamoja na wenzake mia, na yeye mwenyewe hata silika ya kuatamia amepunguziwa makusudi, maana kuku anayeatamia hatagi, na asiyetaga ni hasara. Wa kwanza ana ukoo. Wa pili ana tarehe ya kufika.

Magemu mawili ya kwanza ya Evolution yalikuwa banda la kuku wa kisasa. Sisemi kwa kuyadharau. Yalikuwa na ukweli fulani, tena mchungu. Yai likishindikana kwenye gemu la kwanza, huoni kitu. Unaona ujumbe na hela imekwenda. Kwenye la pili unatengeneza mayai kwa mkupuo, unatazama sifa za kila moja, unachagua litakaloendelea. Mengine je? Yanaachwa. Hakuna anayekuuliza, hakuna mama wa kulalamika. Unazoea upesi ajabu. Baada ya saa mbili tatu nilikuwa nachambua mayai ya Velociraptor kama mtu anayechambua mchele: hili lina sifa ya ugomvi, toa, hili linastahimili magonjwa, weka. Na mnyama aliyekuchosha, unamwita mtu wa helikopta, anapigwa sindano ya usingizi, anauzwa. Gemu halikukemei. Mizani ya fedha inapanda kidogo, basi.

Hapo ndipo ninapoona werevu wa magemu hayo, na pia ujanja wake. Kwenye la kwanza, Dakta Ian Malcolm, kwa sauti ya Goldblum mwenyewe, anakusemesha mara kwa mara. Anakubeza, anakuonya, anakuuliza kama umefikiria unachokifanya. Inafurahisha, kweli. Lakini angalia kinacholipwa. Hakuna pointi za kumsikiliza Malcolm. Wageni wanataka wanyama wengi na wakubwa, na kitengo cha burudani kinakuletea mikataba ya kuongeza mapato. Gemu limemwajiri mkosoaji wake, limempa kipaza sauti, halafu likapanga uchumi wote usimjali. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari muda wa kutosha kuujua mpango wa namna hiyo. Safu ya maoni inaruhusiwa kusema lolote, mradi ukurasa wa matangazo usiguswe.

Ndiyo maana gemu la tatu lilinishtua, kwa uzuri. Humo dinosaria wana dume na jike wanaotofautiana kwa macho, na wana watoto. Wanazaana. Maabara bado ipo, lakini si mlango pekee tena. Ukiwapa wanyama nafasi, chakula na mazingira wanayoyataka, kinakuja kiota, vinakuja vitoto, na unawaona wakikua hadi kuwa wakubwa. Zaidi ya aina 80 za wanyama wamo, na wengi wao sasa wana familia.

Kinachobadilika si picha tu. Kinabadilika kichwani mwa mchezaji. Kwenye gemu la pili, kumuuza mnyama ilikuwa sawa na kuuza gari. Kwenye la tatu nilikaa muda mrefu nikitazama Triceratops jike na mtoto wake kando ya maji, nikiwa na deni na mnunuzi wa kichwani mwangu anasema uza, na kidole hakiendi. Hakuna sheria iliyonizuia. Ni kwamba sasa mnyama ana uhusiano na mtu mwingine asiyekuwa mimi. Kabla ya hapo, kila dinosaria alikuwa na uhusiano mmoja tu duniani, na pochi yangu. Kuzaa kumemtoa mnyama kwenye orodha ya vitu na kumtia kwenye orodha ya viumbe. Hiyo ni kazi kubwa kwa gemu la kusimamia bustani, na nawapongeza bila kigugumizi.

Lakini rudi kwenye ile hesabu ya 238 na 292. Kwenye riwaya, kuzaa kulivunja hesabu. Kwenye gemu, kuzaa kumeingizwa kwenye hesabu. Mama anataga ndani ya uzio nilioujenga, kwa masharti niliyoyatimiza, na mtoto anapozaliwa anaingia moja kwa moja kwenye takwimu zangu, jina lake, umri wake, afya yake. Sijawahi kuinua mti nikakuta maganda ya mayai nisiyoyajua. Sijawahi kuhesabu wanyama wangu nikapata idadi ya kunikosesha usingizi. Hatari zipo, tena nyingi: dhoruba, magonjwa, uzio kuvunjika, T. rex kuingia kwenye foleni ya wanaonunua vinywaji. Ila hizo zote ni hatari za mali kuharibika. Ile hatari ya awali, ya mali kukataa kuwa mali, haimo. Kitu kilichoandikwa kama onyo kimegeuzwa kuwa huduma.

Mtu ataniambia: wewe nawe, gemu la kusimamia lisipohesabu litasimamiwaje? Ni hoja. Lakini magemu yanajua kuficha. Yako mengi yanayokufunika ramani kwa giza usione adui alipo mpaka ufike. Frontier wangeweza kunificha kiota kimoja. Kimoja tu, kwenye kichaka cha kona ya kaskazini, nikigundue kwa kuona nyama ya walishaji inapungua kuliko inavyotakiwa. Ningekuwa nahesabu kama watu wa riwaya walivyohesabu, kwa wasiwasi. Hapo kuzaa kungekuwa na uzito wake wote: furaha ya mtoto na hofu ya mtoto kwa wakati mmoja, kama kulivyo kwa kila mzazi.

Kuna hesabu nyingine ambayo gemu halikuifanya, na hii inanigusa kwa sababu inapita nyumbani.

Nimesema timu inatumwa kuchimba. Kwenye gemu la kwanza, timu hiyo ni helikopta na mstari wa muda unaojaa taratibu. Kwenye la pili wanaokwenda ni wanasayansi uliowaajiri, wenye majina, sura na viwango vya ujuzi. Halafu mifupa inafika. Imefikaje? Nani alishika jembe? Nani alibeba? Mifupa inatokea tu, kama kwamba ardhi iliileta yenyewe mpaka mezani.

Miongoni mwa wanyama unaoweza kuwatotolesha kwenye magemu ya kwanza yuko Kentrosaurus, mdogo kwa viwango vya dinosaria, urefu wa mita nne na nusu hivi, mwenye vibao mgongoni na miiba mkiani. Jina kamili la kisayansi ni Kentrosaurus aethiopicus, na alilipewa na Edwin Hennig mwaka 1915. Huyu ni mwenyeji wa Lindi. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, kilima kilicho kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kwenye ardhi ya Wamwera, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitolewa pale. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Mizigo ilibebwa na watu, mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Kwenye misimu ya kilele wafanyakazi walifika mamia. Na kumbuka miaka. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kuzimwa 1907. Watu waliokuwa wakichimba mifupa ya mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita walikuwa wametoka juzi tu kuzika ndugu zao waliouawa kwa risasi na njaa ya vita ile.

Basi si Kentrosaurus peke yake. Mfupa mkuu wa Tendaguru ni yule ambaye Watanzania wengi wanamwita kwa mkato mjusi wa Tendaguru, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 na ambaye yupo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho pale, urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu. Werner Janensch alimpa jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Brachiosaurus wa asili, wa Colorado, Marekani, alikuwa ameshapewa jina mwaka 1903, lakini mifupa iliyopatikana kule ilikuwa pungufu sana, hata fuvu haikuwa nalo. Kwa hiyo kwa miaka mingi, msanii yeyote aliyetaka kuchora Brachiosaurus alitazama Berlin. Lile umbo lenye shingo ndefu, mabega yaliyoinuka na kichwa chenye uvimbe juu ya pua, ambalo filamu ya 1993 ilitutolea machozi, na ambalo sasa natembea nalo kwenye gemu nikiwa na kidhibiti mkononi, sehemu kubwa yake imetoka Lindi. Tunamtotolesha kwenye kisiwa cha kubuni karibu na Costa Rica, kwa jina la Kimarekani, kwa mfupa wetu.

Siandiki haya kudai bango la Tanzania kwenye gemu. Suala la mjusi yule kurudi au kutorudi limefika hata bungeni kwetu na lina wasemaji wake. Mimi ni mwandishi wa sanaa, na dai langu ni la kisanaa. Gemu la kusimamia linaonyesha maadili yake kwa kile linachokihesabu. Jurassic World Evolution 2 linahesabu uchovu. Ndiyo, mwanasayansi wako akifanya kazi bila kupumzika anachoka, ananuna, na usipomjali anaweza kukuhujumu bustani nzima. Watengenezaji walikaa chini wakaamua kwamba kazi ina gharama kwa mwili wa mtu. Vizuri sana. Lakini waliamua hivyo kwa mtu mwenye koti jeupe peke yake. Aliyebeba fuvu kutoka shimoni mpaka pwani hachoki, maana hayupo. Huwezi kumchosha mtu ambaye hukumweka.

Na hawa watu si kwamba hawajulikani kabisa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji wa Tendaguru aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007, dinosaria mmoja kutoka kwenye mifupa ya pale alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: Wamwera wamo kwenye jina la kwanza, na jina la pili ni la Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wake. Imechukua sayansi karibu miaka mia moja kuyaweka majina hayo mahali pake, lakini imeyaweka. Sayansi, ambayo tunaisema kuwa baridi, imewatangulia wasanii wa gemu.

Fikiria kama ingekuwa kinyume. Unatuma msafara Tendaguru. Badala ya mstari wa muda, unapewa maamuzi ya msimamizi: ajiri wangapi, walipe nini, mvua za masika zikianza usitishe au uendelee. Kijiji kinauliza mifupa inakwenda wapi. Unaweza kudanganya, mifupa itafika haraka. Unaweza kukubaliana nao, jenomu itapanda polepole. Hilo ni gemu la kusimamia kwelikweli, tena gumu. Na yai litakalotoka kwenye mfupa ule litakuwa na ukoo hata kabla halijapasuka, maana utakuwa unamjua aliyelichimbia.

Nimesikia jibu la kawaida: bwana, ni gemu tu, watu wanataka kuona dinosaria. Sawa, na mimi pia nataka kuwaona. Ila ndugu zetu wadogo wengi watakutana na Kentrosaurus kwa mara ya kwanza kwenye skrini, si kwenye kitabu cha shule wala Lindi kwenyewe. Watajua anakula nini, anahitaji eneo kiasi gani, anaelewana na nani. Watajua mengi, na kwa usahihi wa kuridhisha. Halafu ukiwauliza ametoka wapi, watakujibu kile gemu lilichowafundisha: ametoka maabara.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama utanunua moja tu, nunua la tatu. Watoto wa dinosaria wameliokoa gemu hili kutoka kwenye ubanda-wa-kuku wake, na mtu yeyote aliyewahi kumwona tembo akimsogeza mwanawe kivulini ataona kwamba waliotengeneza mwendo wa wanyama hawa wametazama wanyama halisi kwa upendo. Lakini wamefika nusu ya safari. Wamempa yai mama. Bado hawajampa mfupa mbebaji, wala hawajamwacha mama huyo atage hata yai moja nje ya daftari la mwenye mali. Crichton, mwaka 1990, alishaona kwamba hadithi yote ipo kwenye yai lile moja lisilohesabiwa.